Gundi ya stika kwenye bodi ya gari: namna ya kuiondoa bila kuharibu rangi

GISENYI – Gari lililotumika likifika Gisenyi, mji wa mpakani katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, huwa limekwisha kubandikwa mengi njiani. Kwenye kioo cha mbele huenda ipo stika ya ukaguzi ya Japani, au ile ya duara ya kijani yenye namba 4 ambayo miji mingi ya Ujerumani imekuwa ikiidai. Milangoni lipo jina la kampuni iliyolimiliki mwanzo, pamoja na namba ya simu ambayo hapa haipigiki. Juu ya boneti ipo karatasi ya mnada au ya bandari, imekauka kwa jua la safari kutoka Dar es Salaam au Mombasa. Na yale yanayouzwa ng'ambo, mjini Goma, mengi yaliwahi kuwa ya mashirika ya misaada, kwa hiyo yana nembo kubwa pande zote mbili.

Kila mnunuzi anataka vitu hivyo vitoke. Tatizo ni kwamba karatasi hutoka na gundi hubaki, na anayeipapatua gundi kwa haraka hutoka na rangi. Mkwaruzo mmoja wa wembe mlangoni humpa mnunuzi sababu ya kupunguza bei, na kupaka mlango mzima upya hugharimu zaidi ya chupa yoyote ya dawa ya kutoa gundi. Makala hii inaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa vifaa vinavyopatikana katika maduka ya pande zote mbili za mpaka.

Kwa nini nembo ya zamani ni hatari

Kwa muuzaji wa Kampala au Arusha, kivuli cha stika ya zamani ni suala la urembo tu. Kwa anayepeleka gari Kivu, ni suala la usalama.

Nembo ya Msalaba Mwekundu inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na mtu binafsi haruhusiwi kuitumia, wala alama inayofanana nayo, hata wakati wa amani. Jina na nembo ya Umoja wa Mataifa vililindwa na azimio namba 92 la Baraza Kuu la mwaka 1946. Kwa sababu hiyo mashirika mengi huondoa alama zao kabla ya kuuza magari yaliyochakaa. Lakini kuondoa stika si sawa na kuondoa alama. Land Cruiser nyeupe iliyokaa juani miaka minane huku herufi kubwa nyeusi zikiwa zimebandikwa mlangoni, ikibanduliwa herufi hizo, huendelea kusomeka: gundi iliyobaki hushika vumbi, na rangi iliyokuwa chini ya stika huwa mpya kuliko ya pembeni. Katika mwanga wa asubuhi au jioni jina zima hurudi.

Mwishoni mwa Januari 2025, wakati waasi wa M23 walipoiteka Goma, maghala ya mashirika ya misaada mjini humo yaliporwa. Baada ya tukio kama hilo, dereva anayesimamishwa kwenye kizuizi akiwa na gari lenye kivuli cha nembo ana maswali ya kujibu, hata kama alilinunua kihalali mnadani miaka mitano nyuma. Naye mfanyakazi halisi wa misaada anayepita barabara hiyohiyo kesho yake anahitaji nembo yake iaminike. Kwa hiyo anayenunua gari la shirika anapaswa kudai mambo mawili pamoja: hati ya mauzo iliyopigwa muhuri, na bodi isiyosomeka chochote.

Kwanza ijulikane ni rangi gani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kabla hata kitambaa hakijalowa.

Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 140 hivi za Selisiasi. Ikishaokwa hufungamana kikemia, na mafuta ya taa, spiriti au dawa ya kutoa lami haviwezi kuiyeyusha vikipitishwa mara moja na kufutwa. Rangi ya gereji iliyochanganywa na hadina hufungamana vilevile, ila huchukua siku kadhaa, hata wiki, kabla ya kukomaa. Ya tatu ni rangi ya selulosi, ambayo baadhi ya mafundi huiita duko. Hii haifungamani kabisa. Hukauka kwa kuacha thina iruke hewani. Maana yake ni kwamba thina ikirudishwa juu yake, hata baada ya miaka kumi, rangi hulainika tena na kufuatana na kitambaa.

Gari la umri wa miaka 20 lililopita mikononi mwa wamiliki watatu linaweza kuwa na rangi zote tatu: boneti ya kiwandani, mlango wa kushoto wa hadina, bampa ya duko. Kuangalia kwa macho hakutoshi. Kipimo ni rahisi: kitambaa cheupe kiloweshwe tone la thina, kisha kiguswe mahali pasipoonekana, mathalani ndani ya ukingo wa mlango au chini ya bampa, kwa sekunde mbili tatu. Kitambaa kikitoka na rangi na mahali pakanata, hiyo ni selulosi au rangi ambayo haijakomaa, na thina, petroli na asetoni zisikaribie sehemu hiyo. Kikitoka safi, rangi imefungamana. Lakini ukingo wa mlango si mlango mzima. Kila kipande kinachoonekana kuwa na rangi tofauti kidogo na jirani yake kipimwe peke yake.

Jambo jingine la kujua ni unene. Vanishi ya juu, ile mafundi wanayoiita klia, kwenye gari la kiwandani huwa kati ya maikroni 35 na 50, yaani nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Kosa la kukwangua halina nafasi kubwa ya kusamehewa hapo. Land Cruiser nyingi nyeupe za zamani hazina klia kabisa. Rangi yenyewe ndiyo ya juu, na kitambaa cha polishi hugeuka cheupe kikipita. Hilo si dalili ya uharibifu, ila ni ukumbusho kwamba kila mpako unapunguza kitu.

Vumbi la Goma lioshwe kwanza

Goma imejengwa juu ya lava. Mlima Nyiragongo ulilipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji. Ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Vumbi jeusi la mji huo, ambalo huvuka mpaka kwenye matairi na milango, limetokana na mwamba huo uliosagika, na chembe zake ni ngumu na zenye makali. Fundi anayeanza kusugua gundi juu ya vumbi hilo anapiga msasa bila kujua. Zile duara nyembamba zinazoonekana juani baada ya kazi mara nyingi husingiziwa dawa, kumbe zimetokana na kitambaa kichafu.

Kwa hiyo gari lioshwe kwa maji mengi na sabuni ya maji, lisuuzwe, kisha sehemu yenye stika ioshwe mara ya pili kwa kitambaa kingine safi. Ndoo ya kusuuzia kitambaa isiwe ileile yenye sabuni, kwa sababu mchanga huzama chini yake na kurudi na kitambaa. Kazi ifanyike kivulini. Bodi nyeusi iliyoachwa juani hupita kwa urahisi nyuzi 60, na dawa ikimwagwa juu yake hukauka kabla ya kulainisha chochote, ikaacha doa.

Joto ndilo dawa ya kwanza

Gundi ya stika haikauki kama ya mbao. Ni aina ya mpira unaonata kwa kukandamizwa, na tabia yake ni kulainika inapopata joto. Stika mpya ya plastiki ikipashwa hadi kufikia nyuzi 50 au 60 hutoka nzima, pamoja na sehemu kubwa ya gundi yake. Stika ya zamani ni kazi nyingine. Jua la ikweta kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, kama wa Gisenyi, huikausha plastiki, nayo hupoteza mafuta yake ya kuilainisha, hupasuka na kutoka vipande vidogo kama magamba ya samaki. Gundi iliyo chini yake nayo huwa imekomaa.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni taulo na maji ya moto. Taulo nene liloweshwe, likamuliwe kidogo, libandikwe juu ya stika dakika tano, kisha lirudiwe. Huko Gisenyi maji huchemka yapata nyuzi 95 badala ya 100 kwa sababu ya mwinuko, na yakifika kwenye bodi yamepoa tena, kwa hiyo hatari ya kuunguza rangi haipo. Hatari ni kwa kioo baridi: maji yanayochemka yasimwagwe juu ya kioo cha gari asubuhi, kinaweza kupasuka.

Mwenye umeme anaweza kutumia kikaushio cha nywele cha saluni. Kinatosha kwa stika nyingi na hakina nguvu ya kuchoma rangi kikisogezwasogezwa. Bunduki ya hewa moto ya gereji ni ya kuogopwa zaidi, maana baadhi yake hutoa hewa ya nyuzi 500 na zaidi. Kipimo cha fundi ni kiganja: mahali pasipovumilika kwa mkono kwa sekunde tatu pameshapita kiasi. Kwenye bampa ya plastiki joto hilo hukunja kipande kabla rangi haijaonyesha dalili.

Stika ikishapata joto, ukingo mmoja uinuliwe kwa ukucha au kwa kipande cha plastiki, kisha ivutwe polepole ikiwa imekunjwa kurudi nyuma, karibu kulala juu ya bodi yenyewe. Kuivuta moja kwa moja kwenda nje huacha gundi nyingi zaidi na, kwenye rangi ya gereji iliyopakwa juu ya bodi isiyosafishwa vizuri, inaweza kuondoka na rangi hadi kwenye praima. Kama hilo litatokea, lawama si ya stika. Rangi ilikuwa haijashika tangu siku ya kwanza.

Kuhusu kifaa cha kukwangulia, wembe na kisu vibaki kwenye kioo tu. Kadi ya zamani ya benki inafaa. Kinachofaa zaidi, na kinapatikana kila mtaa, ni kipande kilichokatwa kwenye dumu la plastiki la njano, ambalo Wakongo huliita bido: plastiki yake ni laini kuliko rangi iliyookwa na ngumu kuliko gundi. Ukingo wake ukichakaa hukatwa tena kwa mkasi.

Gundi iliyobaki, na neno linaloleta ajali

Baada ya stika kutoka hubaki utando unaonata. Hapa kanuni ni kuanza na dawa pole kuliko zote na kupanda ngazi pale tu inaposhindwa.

Ya kwanza ni mafuta ya kupikia. Hayayeyushi gundi, huingia ndani yake taratibu na kuivimbisha hadi iachie. Kwa hiyo yanahitaji muda. Kitambaa kilicholowa mafuta kiwekwe juu ya gundi, kifunikwe kwa karatasi ya nailoni, kiachwe dakika 20 au zaidi, kisha gundi isukumwe kwa kidole ijikunje yenyewe. Mafuta meupe ya alizeti au soya yanafaa. Mawese mekundu, ambayo ndiyo yaliyo tele upande wa Kongo, yaachwe jikoni: rangi yake inaweza kuingia kwenye nyufa za rangi nyeupe ya zamani na kwenye plastiki isiyopakwa rangi, ikaacha manjano.

Ya pili ni mafuta ya taa, au dawa za chupa za jamii hiyo, kama WD-40 na dawa za kutoa lami. Zinafanya kazi kwa dakika chache na haziumizi rangi iliyofungamana zikifutwa na kuoshwa.

Ila hapa pana mtego wa lugha ambao kila mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kuujua. Mtanzania au Mkenya akisema petroli anamaanisha mafuta ya kuendeshea gari. Mnyarwanda akisema peteroli anamaanisha mafuta ya taa. Yale ya gari anayaita lisansi. Ng'ambo ya mpaka, Goma, neno limetoka Kifaransa vilevile: petroli ni ya taa, esansi ni ya gari, na mazutu ni dizeli. Fundi kutoka Mwanza akimwelekeza kijana wa Gisenyi kwamba asitumie petroli kabisa, kijana ataacha mafuta ya taa ambayo yangefaa, na huenda akachukua lisansi ambayo ndiyo iliyokatazwa. Na kinyume chake: Mkongomani akishauri petroli kidogo tu kwenye kitambaa, mgeni wa Kiswahili cha pwani atakwenda kituo cha mafuta. Njia salama ni kusema mafuta ya taa, au kuonyesha chombo.

Tofauti hiyo si ndogo. Lisansi hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ulipo mkaa. Ina benzini ndani yake, ambayo hupenya ngozi na huongeza hatari ya saratani ya damu. Hulainisha duko na huharibu plastiki na mpira wa madirisha. Kazi yote inayofanywa na lisansi hufanywa na mafuta ya taa kwa dakika kumi za ziada. Hata mafuta ya taa yenyewe yasichanganywe na joto: stika ikipashwa kwanza, bodi iachwe ipoe, bunduki ya hewa izimwe, ndipo chupa ifunguliwe. Vitambaa vilivyotumika visirundikwe karibu na jiko.

Ya tatu ni spiriti ya duka la dawa, ile inayosafisha vidonda. Ni nzuri hasa kwa gundi za kisasa za akriliki, ambazo mafuta huchelewa kuzishinda. Ipitishwe haraka, ifutwe, irudiwe, isiachwe ikaloweka. Maji ya kutakasa mikono yaliyoenea tangu mwaka 2020 yana spiriti hiyohiyo, lakini ya aina ya jeli huacha utando wake, hivyo kazi huwa mbili.

Thina, ambayo makopo ya maduka ya Goma huiandika diluant, na asetoni ya kutolea rangi ya kucha ni ngazi ya mwisho, na kwa gari ambalo historia yake haijulikani ni heri ngazi hiyo isipandwe. Kinachotafutwa na wengi katika thina ni kasi. Kasi hiyo ndiyo inayochukua rangi.

Dawa yoyote ya mafuta ikishamaliza kazi, sehemu ioshwe kwa sabuni mara mbili. Hili hupuuzwa, na madhara yake huonekana baadaye: kipande kikipelekwa kupakwa rangi, mafuta yaliyobaki, hasa yale yenye silikoni, huifanya rangi mpya ijikusanye na kuacha vishimo vya duara ambavyo mafundi huviita macho ya samaki.

Plastiki, taa na kioo

Bodi ya gari si bati tupu. Bampa nyingi ni za plastiki iliyopakwa rangi, na rangi hiyo imeshika kwa shida kuliko ile ya bati. Joto na nguvu vipunguzwe nusu. Bampa nyeusi isiyopakwa rangi haidhuriki sana na mafuta ya taa, lakini hunyonya na kubaki na madoa yanayong'aa, hivyo sabuni na spiriti vinafaa zaidi.

Taa za mbele za magari ya tangu miaka ya 1990 kwa sehemu kubwa ni za polikaboneti. Asetoni, thina au lisansi zikiigusa, plastiki hiyo hujaa nyufa ndogondogo kwa ndani na kupata ukungu usiosafishika. Taa za nyuma, ambazo mara nyingi ni za akriliki, zinaweza kupasuka hata kwa spiriti ikiachwa ikaloweka. Kwa taa zote mbili, mafuta ya kupikia na sabuni ndiyo yanayotosha. Taa moja ya asili huweza kuuzwa bei kubwa kuliko mlango, na fundi aliyeiharibu kwa ajili ya stika ndogo ya mnada hujikuta anaitafuta nyingine Kisekka, Kampala, au kuiagiza Sharjah.

Kioo ndicho kinachovumilia. Wembe ukilazwa pembe ya nyuzi 30 hivi, kioo kikiwa kimelowa maji ya sabuni, huondoa stika za Japani na Ujerumani bila alama. Stika ya Ujerumani imetengenezwa makusudi ivunjike inapobanduliwa, ili isihamishiwe gari jingine, kwa hiyo asiyejua hiyo hudhani amekosea. Mahali pa kuacha wembe ni kioo cha nyuma chenye nyaya nyembamba za kuondoa ukungu: wembe hukata waya mmoja na mstari mzima hufa. Vilevile kioo kilichobandikwa tinti, upande wa ndani.

Nembo za kubandika na uzi wa mvuvi

Majina ya modeli na nembo za wauzaji nyuma ya gari mara nyingi hazina skrubu. Zimeshikwa na gundi yenye sponji ya pande mbili. Bisibisi ikiingizwa chini yake huacha tundu kwenye rangi, na katika unyevu wa Ziwa Kivu tundu lililofika kwenye bati huota kutu.

Dawa yake inauzwa kwa wavuvi: uzi wa nailoni wa mshipi. Nembo ipashwe joto, uzi upitishwe nyuma yake na kuvutwa kushoto na kulia kama msumeno, ukate sponji bila kugusa rangi. Sponji iliyobaki isisuguliwe. Ilowekwe kwa mafuta, kisha iviringishwe kwa dole gumba. Kabla ya kuanza ni busara kuchungulia ndani ya buti, kwa sababu nembo nyingine zina vijiti vinavyopita kwenye bati, na zikitoka huacha matundu ambayo mvua itayapata.

Ukanda wa kuakisi mwanga unaobandikwa kwenye malori na magari ya mashirika ni mgumu kuliko yote, kwani umetengenezwa kwa tabaka kadhaa na hutengana: tabaka la juu hutoka, la chini hubaki na gundi yake. Gurudumu la raba linalofungwa kwenye drili hulifuta vizuri, mradi drili iende polepole na isikae mahali pamoja. Raba ikikaa sekunde nyingi, joto lake huunguza klia. Kwenye duko gurudumu hilo lisitumike.

Kivuli kinachobaki

Gundi ikiisha kabisa na herufi bado zikasomeka, kilichobaki si uchafu tena. Ni tofauti ya umri kati ya rangi iliyofunikwa na rangi iliyopigwa na jua. Hakuna dawa ya kuiosha, na anayeendelea kusugua kwa spiriti anapoteza siku.

Kinachosaidia ni kuipunguza rangi ya pembeni ifanane na ya katikati, kwa kompaundi laini na kitambaa, ikifuatiwa na polishi. Kwa mkono kazi ni ndefu lakini ni vigumu kuharibu. Kwa mashine ni fupi, na kwenye kona na mikunjo ya mlango, ambako rangi ni nyembamba kuliko kwingine, mashine hufika kwenye praima kwa sekunde chache. Kona hizo zifunikwe kwa utepe wa karatasi kabla ya kuwasha. Gari jeupe mara nyingi hukubali, maana tofauti yake kubwa ni ya uchafu uliozama. Gari jekundu au la buluu lililofifia huenda lisikubali, na hapo uamuzi wa kweli ni kupaka mlango upya au kuuza kwa bei inayotambua kivuli kile.

Kwa gari lililokuwa na nembo ya shirika uamuzi huo hauna nusu. Kama jina bado linasomeka baada ya polishi, mlango upakwe. Wapo wauzaji wanaobandika stika kubwa ya maua au ya timu ya mpira juu ya kivuli na kulipeleka gari sokoni. Stika hiyo nayo itatoka siku moja, mbele ya mtu asiyejua historia yake.

Upo pia mkwaruzo ambao polishi haiuondoi: ule uliochorwa na kisu cha aliyebandika. Mabango mengi hukatwa yakiwa tayari yako juu ya gari, na kisu hupita hadi kwenye bati. Stika ikitoka, muhtasari wa herufi hubaki kama mchoro, na kutu hufuata mstari huo. Ukucha ukinasa ndani yake, dawa ni rangi ya kugusia, si kompaundi.

Stika zisizoguswa

Katika kusafisha, vijana wa gereji huondoa kila kinachobandika, na hilo limewahi kugeuka kesi. Kibandiko cha namba ya chasisi kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti ni sehemu ya utambulisho wa gari. Kikikosekana, mkaguzi ana haki ya kudhani kuna jambo limefichwa. Kibandiko cha upepo wa matairi na vile vya tahadhari ya mifuko ya hewa navyo vibaki. Stika ya bima, ya ukaguzi au ya forodha ambayo muda wake haujaisha isitolewe hadi gari limalize safari yake.

Maji yenye mafuta na gundi yasielekezwe kwenye mto Sebeya wala ziwani, ambako watu huchota maji na huvua sambaza. Yakusanywe kwenye beseni, na vitambaa vilivyolowa vitupwe mbali na moto.

Na kabla ya stika ya kwanza kubanduliwa, gari lipigwe picha pande zote nne, nembo zikiwa zinaonekana, na picha hizo ziwekwe pamoja na hati ya mauzo. Afisa wa mpakani akiuliza mlango huu ulikuwa umeandikwa nini, jibu liwe kwenye faili.